Mashine Tuliyoifundisha Kusikiliza Nazi

Tarehe 9 Juni 1993, siku ya Jumatano, mama yangu aliamka akiwa hasikii kwa sikio la kushoto. Alikuwa ametoka kuugua malaria kali, amechomwa sindano za kwinini siku kadhaa, na masikio yalikuwa yakimvuma tangu wiki iliyotangulia. Asubuhi hiyo kuvuma kuliisha, na kusikia kukaisha nako. Daktari alimpima, akasema la kulia nalo limeguswa, litapungua kidogo kidogo, na hana dawa ya kumpa. Mama akamshukuru. Tulipofika mlangoni, nyumbani Temeke, ndipo akaniuliza.

"Sasa nazi nitazisikiaje?"

Naanza na siku hiyo kwa sababu nyie vijana mkiniuliza nilijifunzaje kutengeneza programu za mitandao ya neva, mnatarajia nitaje chuo. Sikuwa na chuo. Nilimaliza darasa la saba, nikasoma kupiga taipu kwa miezi sita, basi. Kesi ya mama na nazi zake ndiyo iliyonifundisha. Mama ametangulia mbele ya haki miaka mingi sasa, na fundi aliyenipokea kazini, Kessy, naye amemfuata. Nimebaki mie, na ninayakumbuka haya bila machozi, ila kwa utulivu fulani ambao siku nyingine hunikalisha kimya mpaka chai inapoa.

Mama, Bi Mwanaidi, alikuwa mgonga nazi. Hamjui kazi hiyo, nitawaeleza. Biashara zilipofunguliwa, mtu mmoja aitwaye Bwana Hemed alifungua kinu cha kukamua mafuta ya nazi kule Temeke, karibu na njia ya kwenda Chamazi. Nazi zilikuja kwa lori, zimefuliwa tayari, maelfu. Kabla ya kuvunjwa ilibidi kila moja igongwe isikilizwe, kwa sababu iliyooza ikipita, pipa zima la mafuta linanuka. Mama alikaa kwenye kigoda chake ghalani, mbali na kelele za kinu, akigonga kwa ufunguo mkubwa wa zamani wa kufuli ambalo halikuwepo tena. Ufunguo huo aliufunga kwenye pindo la kanga akitoka, akaufungua akifika. Anagonga, anasikiliza, anatupa kulia au kushoto. Wapakuzi walikuwa wakimtania, "Bi Mwanaidi, nisikilize na mie kichwa, kizima?" Naye hugonga kwenye fuvu la mtu kwa kidole na kusema, "Hili koroma bado, lirudisheni mtini."

Kazi hiyo ilikuwa ndiyo yeye. Watu walimfahamu kwa hiyo. Baada ya sikio la kushoto kufa, alipitisha nazi tatu mbovu katika shehena moja. Bwana Hemed hakumfokea. Alikuja ghalani, akasimama, akaondoka, na kunyamaza kwake kukamuumiza mama kuliko maneno. Halafu tukasikia kwamba kuna mama mmoja wa Chamazi anajua kugonga, na ameulizwa kama ana nafasi.

Wakati huo mie nilikuwa karani wa taipu katika karakana ya Kessy, Tabata. Karakana ni neno kubwa. Ilikuwa ni chumba cha uani cha nyumba ya kupanga, chenye kompyuta mbili zilizotumika zilizoletwa kutoka Dubai, moja ikiwa haina kifuniko kwa sababu ilikuwa ikipata joto. Kessy alikuwa mtu wa Moshi, alisomea umeme Ulaya ya Mashariki kwa msaada wa serikali, akarudi, akafanya kazi kiwanda cha saruji cha Wazo miaka kadhaa, kisha akajitegemea. Alitengeneza redio, alitengeneza kompyuta, aliandika programu za kuchapa risiti. Alivaa miwani iliyofungwa kwa waya upande mmoja. Mie kazi yangu ilikuwa kuchapa alichoandika kwenye karatasi, kwa sababu yeye alichapa kwa vidole viwili. Ukichapa programu za mtu kwa miaka miwili, utake usitake, unaanza kuona wapi amekosea.

Nilipomweleza habari za mama, nilikuwa ninaomba ruhusa tu ya kumpeleka hospitali. Kessy akavuta kitabu kilichochanika kutoka chini ya meza.

"Zuhura, mama yako anasikia nini hasa akigonga?"

"Anasema nzima inaitika, mbovu inanung'unika."

"Anaweza kuniambia kuitika ni nini? Kwa hesabu?"

"Mama yangu? Hawezi."

"Vizuri," akasema. "Basi hiyo ndiyo kazi ya kitabu hiki."

Akanieleza kwa njia ambayo bado naitumia mpaka leo. Programu za kawaida unaziandikia amri: ikiwa hivi, fanya vile. Lakini kuna mambo ambayo anayeyajua hawezi kuyasema. Kwa hayo unapanga vijumba vidogo vya hesabu kwa safu. Safu ya kwanza inapokea namba, inaipa safu ya pili, mpaka ya mwisho inayotoa jibu. Kila uzi unaounganisha vijumba una uzito wake. Unaionyesha mashine nazi, inakisia, ikikosea unausogeza uzito kidogo. Unarudia mara maelfu. Hakuna mtu anayeiandikia kanuni, ni mifano tu. "Kama mama yako alivyojifunza," akasema Kessy. "Hakuna aliyempa karatasi."

Tukakubaliana tujaribu kabla sikio la kulia halijaisha. Nia ilikuwa hiyo tu: kulichukua sikio la mama lingali linasikia, ili asinyang'anywe kigoda.

*

Kosa letu la kwanza lilikuwa la kijinga, na ninyi mnalifanya mpaka leo, ila kompyuta zenu zina nguvu hivyo hamlioni.

Sauti ya ufunguo kwenye nazi tuliipokea kwa kipaza sauti kidogo, tukaigawa kwenye makundi kumi na sita, kutoka mlio mnene mpaka mwembamba. Kwa hiyo safu ya kwanza ilikuwa na vijumba kumi na sita. Kessy akaandika programu nzima kipande kimoja, na ndani yake namba kumi na sita ikatapakaa kama mchanga kwenye mchele. Hapa kumi na sita, pale kumi na sita, mahali pengine kumi na tano kwa sababu alianza kuhesabu kutoka sifuri. Tulipoona makundi hayatoshi, tukataka ishirini na manne. Nikapitia karatasi zote nikibadilisha. Nikaruka sehemu moja.

Siku mbili mashine ilisema kila nazi ni mbovu. Kessy alilaumu kipaza sauti, akakifungua, akakifunga. Akalaumu umeme. Mie nilikuwa nimeshaiona ile sehemu niliyoiruka, tangu asubuhi ya siku ya pili, na niliogopa kusema. Nilisema jioni. Kessy aliniangalia, akavua miwani, akaifuta.

"Umelijua tangu lini?"

"Tangu asubuhi."

"Basi nakudai siku nzima ya maisha yangu." Kisha akacheka. "Lakini kosa si lako. Mtu akilazimika kubadilisha kitu kimoja mahali kumi na saba, aliyekosea ni aliyekiweka mahali kumi na saba."

Jibu la jambo hilo sikulipata kwenye kitabu. Nililipata Jumapili nyumbani kwa mama, tukipika. Mama alikaa kwenye mbuzi anakuna nazi, mie nakamua tui. Kifumbu cha kuchujia kilichanika mkononi mwangu, kilikuwa cha zamani. Mama akaniambia nichukue kingine kwa jirani. Cha jirani kilikuwa kikubwa zaidi na kimesukwa tofauti. Nikakamua, tui likatoka, tukaendelea. Hapo ndipo nikasimama na machicha mkononi.

"Unawaza nini? Wali utaungua."

"Mama, nimebadilisha kifumbu, na mbuzi haikujua."

"Mbuzi ijue ya nini? Kazi yake kukuna."

Jumatatu nikamwambia Kessy. Nikamchorea kwenye karatasi: mbuzi inapokea nazi, inatoa iliyokunwa. Kifumbu kinapokea iliyokunwa, kinatoa tui. Chungu kinapokea tui. Kila chombo kinajua kinachoingia na kinachotoka, hakina habari na kilichopo nyuma yake wala mbele yake. Ukitaka chungu kikubwa, unabadilisha chungu. Programu yetu ilikuwa chombo kimoja chenye meno ya mbuzi, kamba za kifumbu na masizi ya chungu, vyote vimeunganishwa kwa lehemu.

Kessy akaivutia kwake ile karatasi. "Haya unayosema, wenzetu wanayaandikia vitabu."

"Mie sijui vitabu vyao. Najua kifumbu."

Tukaandika upya kila kitu. Siku zile jina la faili halikuzidi herufi nane, na majina yetu yakaenea humo vizuri. MBUZI ilipokea sauti na kuikuna kuwa namba. KIFUMBU kilichuja namba zisizotakiwa. CHUNGU kilikuwa safu moja ya vijumba, nacho kiliandikwa mara moja tu: ukitaka safu tatu, unapanga vyungu vitatu. MWONJA alitazama jibu la mwisho akasema nzima au mbovu, kwa taa ya kijani au nyekundu. Na nje ya programu kabisa kulikuwa na karatasi ndogo ya maandishi tuliyoiita PISHI, yenye mistari michache: chombo gani kinaanza, kinafuatiwa na kipi, kila kimoja kina ukubwa gani. Programu ikiwashwa inasoma PISHI, inapanga vyombo, inapika. Tangu hapo, kubadilisha kumi na sita kuwa ishirini na nne ikawa ni kubadilisha namba moja kwenye mstari mmoja.

Kessy alihofia kwamba ingekuwa polepole, kwa sababu kila chombo kilikuwa kinampa mwenzake namba kwa mkono badala ya kuzikuta palepale. Alisema kweli, ilikuwa polepole. Nawaambia ukweli, ilichukua karibu mara mbili ya muda. Lakini mashine ikichelewa unakwenda kunywa chai. Mtu akichelewa kwa sababu haelewi programu yake mwenyewe, hata chai haimsaidii.

*

Niseme kidogo kuhusu mgao wa umeme, maana hamjawahi kufundisha mtandao wa neva kwa umeme unaokatika bila hodi.

Mara ya kwanza tuliacha mashine inajifunza siku tatu, na uzito wote ulikuwa kwenye kumbukumbu ya ndani tu. Siku ya tatu mchana, taa ikazima. Tulikaa gizani tukitazamana. Kessy akasema kitu kwa Kichaga ambacho sikumwomba anitafsirie. Baada ya hapo tukawa tunahifadhi uzito kwenye faili kila mzunguko. Umeme ukakatika katikati ya kuhifadhi, faili likaharibika, tukapoteza tena. Ndipo tukajifunza kuwa na mafaili mawili: unaandika kwenye la pili, likikamilika ndipo unalitambua kuwa ndilo la kweli, na la kwanza linasubiri zamu yake. Kuzimika kukija, moja daima ni zima. Ukinikuta nimekaa na kijana leo, hilo ndilo jambo la kwanza ninalomuuliza: uzito wako uko wapi, na ukizimiwa sasa hivi utabaki na nini?

Jambo jingine. Kessy alitaka tusijaze disketi bure, na mie nikapendekeza tukate mifano, tubaki na namba zilizokwisha kuchujwa na KIFUMBU tu, sauti zenyewe tuzitupe. Kessy akakataa. Alisema kata ndani ya programu, usikate kwenye mfano, kwa sababu hujui kesho utauliza nini. Nilinung'unika, disketi zilikuwa adimu. Mtakavyoona, aliyekuwa sahihi hapo si mie.

*

Mama alikuja Tabata wiki mbili mfululizo, Kessy akimpelekea teksi asubuhi. Tulikuwa na magunia ya nazi za Bwana Hemed, nzuri na mbovu. Tulitengeneza sanduku la mbao, tukalitandika vipande vya godoro ndani ili kelele za jirani zisiingie, kipaza sauti kikakaa pembeni. Mama anaweka nazi sandukuni, anagonga kwa ufunguo wake, anasema, mie nachapa. Kisha Kessy anaivunja kuthibitisha. Aligundua haraka kwamba vitoweo vya nyumba yake vitakuwa vya nazi kwa mwezi mzima.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, Mchaga wangu. Leo umepika nini?"

"Ndizi kwa nazi, mama."

"Ndizi kwa nazi umejua lini wewe? Kwenu mnaweka maziwa ya ng'ombe."

"Nimejua kwa kulazimishwa."

Alifurahi zile wiki mbili. Sikio la kulia lilikuwa bado linafanya kazi, ingawa alianza kunigeuzia uso ili aone midomo yangu. Makosa yake yalikuwa machache, na kila alipokosea Kessy akavunja na kumwonyesha, alitikisa kichwa na kusema, "Andikeni, andikeni na hilo. Msinifiche."

Tukaifundisha mashine. Tukaijaribu kwa nazi ambazo haikuwahi kuzisikia, mama akiwa ndiye anayegonga. Ilikosea moja katika ishirini. Kessy alinishika mkono kama mtu aliyeshinda uchaguzi. Nikaenda mwenyewe kumwita Bwana Hemed.

Alikuja na kanzu nyeupe na heshima zake. Tulimpa kiti. Mama akagonga nazi tano, mashine ikapatia zote tano. Bwana Hemed akatabasamu, akasema, "Nipe na mie huo ufunguo, Bi Mwanaidi."

Akagonga nazi: ko, ko. Mashine ikasema nzima. Akagonga nyingine: ko, ko. Nzima. Ya tatu, akaitikisa kwanza, hata mie nilisikia maji machafu ndani. Ko, ko. Nzima. Bwana Hemed akavunja. Harufu ikajaa chumba. Akachukua nazi nzuri kabisa, akaigonga mara moja tu. Mbovu, ikasema mashine.

"Hii mashine yenu haisikii," akasema taratibu. "Inahesabu."

Nikatazama ile meza, nikatamani ipasuke nizame chini yake.

Kessy ndiye aliyeelewa kwanza. Akamgeukia mama, akasema kwa sauti kubwa ili asikie, "Mama, kwa nini nazi nzima unaigonga mara mbili?"

"Nani? Mie?"

"Wewe. Mbovu unaigonga mara moja unaitupa. Nzima unaigonga mara mbili."

Mama akatazama ufunguo mkononi mwa Bwana Hemed kana kwamba ulikuwa na siri yake. Akafikiri. Kisha akacheka kwa aibu, akajifunika mdomo kwa kanga.

"Ya kwanza naisikiliza," akasema. "Ya pili... aa, ya pili ni kwa sababu ina sauti nzuri. Napenda tu kuisikia tena. Sikujua kama nafanya."

Wiki mbili tulikaa chumba kimoja naye, na mie nimekaa naye maisha yangu yote, na hatukuwahi kuiona. Mashine iliiona siku ya kwanza. Haikuwa na haja ya kusikiliza nazi. Ilisubiri kama mama atagonga tena.

Bwana Hemed alikuwa mtu mwema, nisimseme vibaya. Lakini shehena nyingine ilikuwa inakuja baada ya siku kumi na mbili, na alisema wazi kwamba siku hiyo lazima kuwe na mtu au kitu kinachosikia ghalani. Kama si hivyo, yule mama wa Chamazi atakaa. "Bi Mwanaidi, hutakosa chai yangu," akasema. Mama alijua maana yake. Angekuwa mgeni pale.

*

Kama ingekuwa ile programu ya kwanza, ya kipande kimoja, tungekuwa tumekwisha. Siku kumi na mbili zisingetosha hata kuipata sehemu ya kubadilisha.

Nilikaa alasiri moja nikaandika kifumbu kipya. Kazi yake: kusikiliza mlio wa kwanza, ukiisha, kufunga mlango. Kinachofuata hakipiti. Sikugusa mbuzi, sikugusa vyungu. Kwenye PISHI nikabadilisha mstari mmoja. Na kwa sababu Kessy alinikataza kutupa sauti, mifano yote ya mama ilikuwepo nzima kwenye disketi. Hatukuhitaji kumrudisha kugonga upya kwa sikio lililokuwa limepungua tangu siku zile.

Tukaanza kufundisha upya, tukipambana na mgao. Kwa mlio mmoja tu mashine ilikosea zaidi, nazi tano katika ishirini. Tukaongeza chungu cha pili: mstari mmoja. Tukapunguza vijumba: namba moja. Tulijaribu mapishi mengi siku zile kuliko tuliyojaribu miezi yote iliyotangulia. Tukafika nazi tatu katika ishirini, na hapo ikagoma. Kessy akalala mezani. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

Nikamweleza mama, uso kwa uso, polepole.

"Hizo inazokosea," akauliza, "inazikosea kwa kujiamini?"

Sikuwahi kufikiria hilo. Nikaenda kutazama. Jibu la mwisho la mashine lilikuwa namba kati ya sifuri na moja, na Mwonja alikuwa akisema nzima kwa chochote kilichozidi nusu. Karibu nazi zote zilizokosewa zilikuwa palepale kwenye nusu. Mashine haikujua, sie ndio tulioilazimisha kujua.

"Basi isiyojua iseme haijui," akasema mama. "Ziletwe kwangu. Nina pua. Nazi mbovu inanuka jichoni, na ukiitikisa maji yake unayasikia mkononi, si lazima sikioni."

Tukabadilisha Mwonja peke yake. Badala ya taa mbili akapewa tatu: kijani, nyekundu, na njano ya asiyejua. Kessy alizitoa taa hizo kwenye redio mbovu.

Siku ya shehena tukafunga sanduku ghalani kwa Bwana Hemed. Yeye mwenyewe akagonga, mara moja, mara mbili, mara tatu kwa makusudi. Mashine haikujali. Ilisikiliza ya kwanza ikajibu. Ilipowasha njano, mama alichukua nazi, akaitikisa karibu na kifua, akanusa jicho lake, akatupa kulia au kushoto. Bwana Hemed alivunja nazi thelathini alizochagua mwenyewe. Moja tu ilikuwa imepita kimakosa.

"Ina kosa," akasema.

"Na mie nina makosa, mwanangu," mama akamjibu. "Ila mie na hii hatukosei mahali pamoja."

Bwana Hemed akatazama kile kigoda, akakisogeza kwa mguu kikawa karibu na sanduku, akarudi kwenye hesabu zake. Yule mama wa Chamazi akapewa kazi ya kukausha mbata, na baadaye walikuwa marafiki na mama, wakisengenyana kwa ishara za mikono.

*

Nilifanya kazi na Kessy miaka mingi baada ya hapo. Tulitumia vyombo vilevile kwa mambo mengine: kusoma namba kwenye fomu, kusikiliza mota za pampu za maji. Mara nyingi tulibadilisha mbuzi tu, ile inayopokea kutoka nje, na vilivyobaki vikabaki. Nyie leo mnaita safu kwa neno moja na inakuja tayari, imeandikwa na watu msiowajua. Ni jambo zuri, mie siwaonei gere. Ninachowaomba ni kidogo. Jueni mahali vyombo vyenu vinapokutana. Na mashine ikipatia mno siku ya kwanza, msishikane mikono. Kaeni mtazame mnafanya nini bila kujua mnakifanya, kwa sababu hicho ndicho itakachojifunza.

Sikio la kulia la mama liliisha mwaka 1995, kimya kimya, kama daktari alivyosema. Aliendelea kwenda ghalani karibu mwaka mzima. Wiki ya mwisho kabla miguu haijaanza kumsumbua nilikwenda kufuta vumbi kwenye kipaza sauti. Hakuniona nimeingia. Alikuwa kwenye kigoda chake, kanga imeanguka begani, ufunguo mkononi. Aliweka nazi sandukuni, akagonga. Taa ya kijani ikawaka. Akaitazama ile taa.

Kisha akaweka kiganja cha kushoto juu ya nazi, akagonga tena, akaitupa upande wa nzima, akachukua nyingine.